Sekunde Saba za Birere

Washa. Ngoja feni ikohoe mara mbili,
itafute disketi isiyokuwamo, inung'unike,
kisha, pale palipokuwa na mawingu ya kampuni,
inatokea nyumba yetu.

Mlango wa kijani. Mabati yenye kiraka.
Kamba ya nguo, na shuka moja la njano
ambalo halijakauka tangu mwaka elfu mbili na moja.

Sekunde saba. Nimezihesabu.
Halafu inakuja kazi: barua za maombi,
hati za kuuza kiwanja, tangazo la misa ya arobaini,
franka mia tano kwa ukurasa.

Mbusa ndiye aliyeichora, kaka yangu,
kwa panya mwenye mpira uliojaa vumbi,
nukta kwa nukta, usiku, umeme ulipokubali.
Programu aliipata kwa fundi mmoja wa Himbi,
kitu kidogo, chepesi kuliko barua ya posa,
kazi yake moja tu: kuondoa picha ya wenye kompyuta
ili uweke yako.
Haikuuzwa. Ilikopeshwa kwa imani:
ijaribu siku thelathini; ukiipenda,
tuma dola kumi na mbili kwa mtu fulani,
sanduku la posta fulani, mji tusioweza kuutamka.

Mbusa alicheka. “Huyu anauza
kama mama wa sombe:
peleka kwanza, utalipa ukirudi sokoni.”

Kigumu kilikuwa upana.
Picha huhifadhiwa imebanwa,
kioo ndicho kinachoitanua wakati wa kuwaka.
Mara ya kwanza nyumba ilitoka nene,
imevimba kama andazi.
Akajifunza kuichora nyembamba, mbavu nje,
nyumba yenye njaa,
ili ikiamka ishibe, ifanane na yenyewe.

Kisha Januari ile. Mlima siuhadithii;
waliokuwapo wanaujua,
na wasiokuwapo wamehadithiwa vya kutosha.
Nasema tu kwamba Mbusa alichagua.
Kulikuwa na godoro, gunia la maharage,
cherehani ya mama,
na chukudu moja.
Akapakia kompyuta.
Mama hakumsemesha mpaka Gisenyi.

Tuliporudi mtaa ulikuwa umepanda juu,
mweusi, bado wa moto chini ya ndala.
Tukajenga juu yake, kama wote.
Mbao, mabati, jina lilelile la mtaa.
Ukiniuliza nyumba ya zamani iko wapi
ninapiga sakafu kwa kisigino.

Siku umeme uliporudi, tuliwasha.
Mama alisimama nyuma yangu na bakuli la unga.
Mlango wa kijani. Shuka.
“Zima,” akasema.
Nikadhani ana hasira bado.
“Zima, uwashe tena.”

Mbusa yuko Walikale kwenye machimbo,
au alikuwa huko;
simu ya mwisho ilikatika katikati ya jina langu,
Kanye—

Programu bado inahesabu.
Siku zako thelathini zimekwisha, inaniambia kila asubuhi,
kwa adabu, kwa Kifaransa cha kuazima:
leo ni siku ya elfu tatu mia nne na kumi na moja.
Haijawahi kunifungia mlango.

Mwaka jana nilitia dola kumi na mbili kwenye bahasha,
noti safi, bila mkunjo wala mchaniko,
kama zinavyodaiwa hapa hata kwa kununua chumvi.
Anwani niliinakili herufi kwa herufi.
Ikarudi baada ya miezi mitano,
na muhuri wa kidole kinachoonyesha nyuma.
Sijaifungua. Iko droo ya chini
pamoja na karatasi za kaboni.

Jana kijana aliyefuata hati ya kuzaliwa
aligusa kioo kabla sijamkataza.
“Dada, shuka lako lina doa,
nukta moja nyeusi, hapa pembeni.”
Najua.
Ni nzi, au ni mkono wa Mbusa
ulipoteleza taa zilipozimika.
Nikamwambia akae, ataje jina la baba yake,
polepole, na mahali alipozaliwa.